Wewe Lala, Mimi Natembea

Sogeeni, wapwa zangu. Mvua ya Tukuyu haina haraka ya kukatika, nasi hatuna haraka ya kwenda popote. Leo nitawaambia habari za kitanda kinachosafiri.

Naona mmeshaanza kutazamana. "Mjomba, kitanda kitasafirije? Kina miguu, lakini hakitembei!"

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa swali hilo. Ni swali zuri sana. Watu wazima wenye pesa na akili zao waliliuliza zaidi ya miaka 150 iliyopita, na jibu lao liko karibu na hapa kuliko mnavyodhani. Panda gari hapa Tukuyu. Pita Kiwira. Fika Uyole, ingia Mbeya, endelea mpaka Iyunga. Pale kuna stesheni ya TAZARA. Na relini pale, siku ya treni, husimama behewa la kulala. Tulisikilize lenyewe.

"Mimi ni behewa la kulala," linasema. "Nilitengenezwa China, nikavuka bahari kwa meli. Ndani yangu kuna vyumba upande mmoja na korido upande wa pili. Chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne. Cha daraja la pili kina vitanda sita, vitatu kila upande, kimoja juu ya kingine. Mchana kitanda cha chini ni kiti cha wote. Usiku mhudumu anakuja na shuka na blanketi. Wanaume wana vyumba vyao, wanawake vyao. Familia ikitaka kukaa pamoja, inanunua vitanda vyote vya chumba. Mlango unafungwa. Basi wewe lala. Mimi natembea."

"Lakini mjomba, mtu atalalaje na kitu kinatikisika?"

Ah! Hilo ndilo swali la fundi. Ndaga fijo. Mmewahi kumtazama mama anayepanda kutoka mtoni na ndoo ya maji kichwani? Njia ina mawe, ina matope, ina mizizi. Nyayo zake zinapanda na kushuka. Magoti yanajikunja na kujikunjua. Shingo imetulia. Maji yanacheza kidogo pembeni mwa ndoo, lakini hayamwagiki. Behewa nalo lina magoti. Chini yake, mbele na nyuma, kuna vigari viwili vya chuma, kila kimoja na magurudumu manne. Juu ya magurudumu kuna springi nene. Reli ikiwa na kibonde, springi zinajikunja, kisha zinajikunjua. Mshtuko mwingi unaishia huko chini. Wewe kitandani unapata kubembea tu. Springi zikichoka, au reli ikiharibika, utajua mwenyewe, maana utaamka umeshika ukingo wa kitanda kwa mikono miwili.

Sasa, nani aliyeanza?

Treni za kwanza kabisa hazikuwa na vitanda. Watu walisafiri usiku kucha wameketi, shingo zimepinda, miguu imekufa ganzi. Kule Marekani, tangu miaka ya 1830, kampuni moja moja zilijaribu kuweka vitanda, lakini vilikuwa mbao ngumu tu. Kisha akaja mtu aliyeitwa George Pullman, mzaliwa wa mwaka 1831. Mwaka 1859 alichukua mabehewa ya kawaida ya kukaa akayageuza. Mchana yalikuwa na viti. Usiku vitanda vya juu vilishushwa kutoka darini kwa kamba. Taa zilikuwa mishumaa. Joto lilitoka kwenye jiko la kuni. Behewa la kwanza lilisafiri usiku wa tarehe 1 Septemba 1859, kutoka mji wa Bloomington kwenda Chicago.

Na mnajua abiria walifanya nini? Walipanda kitandani na viatu!

"Mjomba! Watu wazima?"

Watu wazima, wapwa zangu. Mabuti ya ngozi, yenye matope ya barabarani, juu ya godoro jipya. Mkaguzi wa behewa alikumbuka jambo hilo mpaka uzeeni: usiku ule ilimbidi awalazimishe abiria kuvua viatu. Hawakuwa wamewahi kuona kitanda cha namna ile, hawakujua adabu yake. Vishikeni hivyo viatu, tutakutana navyo tena muda si mrefu.

Pullman hakuishia kwenye kamba na mishumaa. Mwaka 1865 alitoa behewa jipya, kubwa kuliko yote, akaliita Pioneer. Lilikuwa na zulia sakafuni na mbao zilizonakshiwa. Baadaye yakaja mabehewa yenye vioo vikubwa, taa za gesi, na mahali pa kula kwenye meza yenye kitambaa. Watu walilipa nauli, kisha wakalipa tena kwa Pullman ili walale. Wakaona raha. Behewa likawaambia, "Wewe lala, mimi natembea." Wakalala.

Lakini ngoja. Kuna swali ambalo bado hamjaniuliza. Naona limefika kwenye ncha ya ulimi wa mmoja wenu. Liseme.

"Mjomba, wote wakilala, nani anakesha?"

Ndaga fijo, ndaga fijo sana! Hilo ndilo swali langu la leo. Wengi wanaoandika habari za mabehewa ya fahari huhesabu vioo na mazulia, wakaishia hapo. Wewe umeuliza habari za mtu.

Aliyekesha alikuwa mhudumu. Katika mabehewa ya Pullman wahudumu walikuwa watu weusi, na wa kwanza wao walikuwa wametoka utumwani muda mfupi tu uliopita. Utumwa Marekani ulikomeshwa mwaka 1865, mwaka uleule wa behewa Pioneer. Pullman akawaajiri kwa maelfu. Mhudumu alishusha vitanda, akatandika shuka, akabeba mizigo, akaitika kengele saa nane za usiku mtu akitaka maji. Na vile viatu? Sasa abiria walikuwa wamejifunza kuvivua. Waliviacha, wakalala. Mhudumu akavikusanya, akakaa peke yake, akaving'arisha jozi baada ya jozi mpaka kulipokaribia kucha. Kulala kwake kulikuwa saa tatu hivi, kwenye kochi la chumba cha kuvutia sigara, kama hakuitwa. Kwa mwezi alifanya kazi kama saa 400. Kwa siku thelathini, hizo ni zaidi ya saa 13 kila siku bila pumziko la hata siku moja. Mshahara ulikuwa mdogo, akategemea bakshishi.

Tena hawakumwita kwa jina lake. Abiria walimwita "George", kwa sababu mwenye mabehewa aliitwa George. Awe amepewa jina gani na mama yake, humo ndani alikuwa George tu.

"Hiyo si haki, mjomba."

Si haki kabisa. Nao walijua. Mwaka 1925, mjini New York, walianzisha chama chao cha wafanyakazi. Kiongozi wao alikuwa A. Philip Randolph. Yeye hakuwa mhudumu wa treni, na kwa hiyo kampuni haikuweza kumfukuza kazi. Kampuni ilikataa kuzungumza nao. Mwaka ukapita. Wakaendelea. Miaka mitano ikapita. Wakaendelea. Miaka 12 ikatimia, na mwaka 1937 kampuni ikatia saini mkataba. Saa za kazi zikapunguzwa, mshahara ukapanda. Mzee Randolph huyohuyo baadaye, mwaka 1963, alikuwa miongoni mwa waliopanga yale maandamano makubwa ya Washington ambako Martin Luther King alihutubia. Kwa hiyo mtu akiniuliza behewa la kulala liliipa dunia nini, mimi nawataja wale wahudumu kabla ya vioo.

Huko Ulaya nako kulikuwa na kijana Mbelgiji, Georges Nagelmackers. Alitembelea Marekani, akayaona mabehewa ya Pullman, akayapenda, ila jambo moja lilimkera. Mle ndani hakukuwa na vyumba. Vitanda vilipangwa pande mbili za njia, na kilichomficha mlalaji ni pazia tu. Nagelmackers akasema, kwetu mtu atataka mlango. Mwaka 1872 alianzisha kampuni yake, na mwaka 1883 treni yake maarufu, Orient Express, ikaondoka Paris kuelekea mashariki. Ilikuwa na vyumba, korido pembeni, na mlango kwa kila chumba.

Sasa tazameni tena behewa letu pale Iyunga. Vyumba, korido, mlango. Mmeona lilikopata umbo lake?

"Lakini mjomba, mlango una maana gani? Si pazia linatosha?"

Nitawapa kisa cha Kenya, na aliye mwoga amshike mwenzake mkono. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Mwaka 1900, kwenye stesheni ndogo iitwayo Kima, simba alikuwa akisumbua watu. Ofisa wa polisi, Charles Ryall, akafika na wenzake wawili ndani ya behewa la wakaguzi. Behewa likasimamishwa njia ya pembeni. Mpango ulikuwa kumvizia simba kwa zamu. Mmoja akapanda kitanda cha juu. Mmoja akalala sakafuni. Ryall akabaki na bunduki.

Nani alikesha? Ryall alitakiwa kukesha. Usingizi ukamchukua.

Mlango wa behewa ulikuwa wa kusukuma, unaoteleza kwenye reli yake ndogo, nao haukuwa umefungwa kwa komeo. Simba akaingia. Inasimuliwa kwamba behewa lilikuwa limeinama kidogo, na simba alipoingia mlango ukateleza wenyewe nyuma yake ukajifunga. Ndani mmebaki watu watatu na simba! Alimkanyaga yule wa sakafuni, akamshika Ryall, akapasua njia dirishani akatoka naye. Ryall alikufa. Lile behewa bado lipo mpaka leo, kwenye Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, na watu huenda kulitazama.

Basi mhudumu akikwambia, "Mwanangu, funga mlango, funga na dirisha," usimwone msumbufu. Siku hizi si kwa ajili ya simba. Ni kwa ajili ya mikono mirefu inayopenda mabegi treni ikisimama gizani.

Enzi za mkoloni raha ya kulala relini haikuwa ya kila mtu. Katika treni za Afrika Mashariki daraja la kwanza lilikuwa la Wazungu, la pili la Wahindi, la tatu la Waafrika. Daraja la tatu lilikuwa na benchi. Babu aliyeijenga reli kwa mikono yake alisafiri ameketi, na shuka safi ziko behewa la mbele yake.

Na hapa ndipo TAZARA inapoingia. Mnaijua kwa jina lake la pili? Reli ya Uhuru.

Sikilizeni. Zambia haina bahari. Ina shaba nyingi, na shaba yake ilipita kusini, katika nchi iliyoitwa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia, wakiongozwa na Ian Smith, walijitwalia madaraka ili Waafrika wasitawale. Zambia ikabanwa. Rais Kaunda na Mwalimu Nyerere wakatafuta njia nyingine ya kufika baharini, kupitia kwetu. Nchi tajiri za Magharibi zikasema reli hiyo haitalipa. China ikakubali kutoa mkopo usio na riba. Makubaliano yalitiwa saini Beijing mwaka 1967, ujenzi ukaanza 1970, na mwaka 1975 reli ikakamilika: kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi. Ina madaraja 320 na mahandaki 22. Mahali pake pa juu kabisa ni hapo Uyole, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Ndiyo, hapohapo mnapopita na Coaster mkienda Mbeya mjini! Baadhi ya mafundi wa Kichina waliokufa kazini wamezikwa Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Safari nzima ni zaidi ya siku moja na nusu, na usiku mara mbili. Sasa mtu atakaa kitako usiku mara mbili? Vitanda vikawekwa. Safari hii hakuna aliyeulizwa rangi yake. Uliulizwa tiketi. Mkulima wa ndizi wa Rungwe akiwa na nauli ya kitanda, anapanda kitandani, anajifunika blanketi, na behewa linamwambia kama lilivyomwambia tajiri wa Chicago: "Wewe lala, mimi natembea." Hiyo kwangu ndiyo fahari kubwa kuliko zote katika historia hii, na ninaisema bila kusita.

"Mjomba, mimi nimesikia kuna treni ya watalii inapita Mbeya, ina bafu ndani!"

Umesikia vizuri. Hiyo ni ya Rovos Rail, kampuni ya Afrika Kusini iliyoanzishwa Pretoria mwaka 1989. Tangu mwaka 1993 treni yake imekuwa ikifanya safari ndefu kati ya Cape Town na Dar es Salaam, na safari hiyo huchukua karibu wiki mbili. Hubeba abiria wasiozidi 72. Kila chumba kina kitanda halisi na choo na bafu lake. Vyumba vikubwa kabisa vina mita 16 za mraba na beseni refu la kuogea, mtu anajiloweka huku nyanda za Usangu zinapita dirishani. Ni mabehewa ya mbao yanayong'aa, mengine ni ya zamani yaliyofufuliwa. Mazuri mno. Sina neno baya.

"Lakini imefikaje huku? Cape Town si mbali?"

Swali la fundi tena! Siri ni upana. Reli ni mbili, na umbali kati yao lazima ulingane na magurudumu. Kuanzia Cape Town, kupitia Zimbabwe na Zambia mpaka Dar es Salaam, umbali huo ni mmoja: milimita 1,067. Waliojenga TAZARA walichagua upana huo ili ishikane na reli za Zambia. Ile reli ya kati ya zamani, iliyojengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, ina milimita 1,000. Tofauti ni kama upana wa vidole vitatu au vinne vya mtu mzima. Inatosha kuizuia treni nzima isipite.

Na ile treni mpya ya umeme, ya Dar es Salaam hadi Dodoma? Ilianza mwaka 2024. Haina vitanda. Haivihitaji, maana unafika kabla hata usingizi haujakolea. Kenya vilevile: treni ya usiku ya Nairobi na Mombasa, iliyokuwa na vitanda na behewa la chakula, iliachia nafasi treni mpya ya mchana mwaka 2017. Kasi ikija, vitanda hupungua. Nafurahia kasi. Lakini nawaonea wivu kidogo wale waliolala Nairobi wakaamkia harufu ya pwani.

Kwa hiyo mkikua kidogo, mwombeni mama au baba awapeleke Dar kwa TAZARA, daraja la pili, chumba cha sita. Nawaombea hicho cha sita makusudi. Humo utakutana na bibi wa Tunduma, mwanafunzi wa Makambako, na mtu wa Ifakara anayejua mchele wa kwao kuliko wa dunia yote. Mtagawana karanga. Nyinyi toeni parachichi na ndizi za nyumbani. Mwachieni bibi kitanda cha chini. Wewe panda cha juu kabisa, kina ukingo wa kukuzuia usianguke. Viatu vua, tafadhali. Vitie chini ya kitanda cha chini, upande wa ukutani.

Mhudumu akija na shuka, muulize jina lake. Mwambie na lako. Kisha mpe ombi.

"Ombi gani, mjomba?"

Akuamshe. Mara ya kwanza, kama bado kuna mwanga, ni baada ya Makambako, reli inapoteremka kuelekea Mlimba. Hapo ndipo yalipo mahandaki na madaraja mengi, na daraja la mto Mpanga lina nguzo za kwenda juu mita 50 hivi. Mara ya pili ni asubuhi baada ya Kisaki, treni ikipita kwenye Hifadhi ya Nyerere. Huko unaweza kuwaona twiga, swala, na ukibahatika, tembo.

"Na kama twiga wako upande wa pili, mimi niko kitandani?"

Shuka, toka kwenye korido. Ndiyo maana imewekewa madirisha. Ila vaa viatu kwanza, sakafu ya behewa asubuhi ni baridi.